Kwa nini unahama treni Syokimau: kisa cha reli ya mita moja

Msomaji wa Changamwe, Mombasa, ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi hupanda SGR, ile treni ya reli mpya, kuja Nairobi kumwona kaka yangu. Nikifika Syokimau, nje kidogo ya mji, nashuka na mizigo yangu, naingia treni nyingine ndogo ya kunipeleka mjini. Kila mara najiuliza, hii kubwa imeshindwa nini kufika mjini na reli ipo? Halafu hii ndogo naambiwa ni mtumba wa Uhispania. Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini tufuate mitumba kote huko badala ya kununua mpya? Na mbona inakwenda taratibu hivyo?"

Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni kadhaa lakini mzizi wake ni mmoja, na mzizi huo una urefu wa mita moja kamili.

Safari ijayo ukishuka Syokimau, usiharakishe sana. Tua mzigo, simama nyuma ya mstari wa jukwaa, uitazame reli uliyokuja nayo. Vyuma vyake viwili vimeachana milimita 1,435. Kisha nenda jukwaa la treni ya mjini utazame tena. Hapo vyuma vimeachana milimita 1,000. Tofauti ni kama mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, wala haistui macho. Lakini gurudumu la treni halina usukani. Linashikwa njiani na ukingo wa chuma uliochongwa upande wake wa ndani, na magurudumu mawili yameshindiliwa kwenye ekseli moja, yaani mhimili wa chuma unaoyaunganisha, yasiweze kusogeleana wala kuachana. Ekseli iliyokatwa kwa milimita 1,435 haina pa kukanyaga kwenye reli ya milimita 1,000. Kwa hiyo treni yako haikukataa kwenda mjini. Kwake yeye, pale Syokimau njia ya mjini haipo kabisa.

Upana huo sisi watu wa njia ya reli huuita geji. Nilipoanza kazi, kifaa cha kwanza nilichokabidhiwa kilikuwa fimbo ya chuma ya kuupimia. Unailaza juu ya reli mbili, unasoma, unapiga hatua kadhaa, unailaza tena. Kwenye kona kali geji huongezwa milimita chache ili magurudumu yapite bila kusaga chuma, na kwenye njia iliyonyooka hairuhusiwi kutanuka hivyo. Nimetembea na fimbo ile asubuhi nyingi, na kwa hiyo nikikwambia kwamba historia nzima ya treni yako ya Syokimau imo ndani ya kipimo kile, nasema kitu nilichokigusa kwa mikono.

Mita moja ilitoka wapi? Hapo ndipo watu wengi hukosea. Hudhani Waingereza walichagua kipimo chao cha nyumbani. Uingereza ina reli ya milimita 1,435, ile ile ya SGR. Mita ilitoka India. Mnamo 1870 serikali ya kikoloni ya huko, chini ya Lord Mayo, ilitaka reli za bei nafuu kwa majimbo ambayo hayangeweza kulipia reli pana. Siku hizo India ilitarajia kuingia katika vipimo vya metriki, basi badala ya kuhesabu kwa futi na inchi wakachukua mita. Vipimo vya metriki vilichelewa sana kufika India, lakini maelfu ya kilomita za reli ya mita zilikuwa zimeshatandikwa.

Ilipofika 1896 na ujenzi wa Reli ya Uganda ukaanza hapo kwenu Mombasa, karibu kila kitu kilitazama India. Vibarua, mafundi, makarani na seremala waliletwa kutoka huko, zaidi ya 30,000 kwa jumla, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Geji ikawa ya India pia, kwa sababu huko kulikuwa na injini, mabehewa na watu waliozijua. Na hapa nataka usome polepole, kwa kuwa ni jibu la nusu ya swali lako: miongoni mwa injini za kwanza kabisa kutumika kwenye reli yetu zilikuwemo zilizokwisha kufanya kazi India miaka mingi. Zilinunuliwa zikiwa zimetumika, zikapakiwa melini, zikashushwa Mombasa. Treni ya mitumba haikuanza juzi. Tulianza nayo.

Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, takriban kilomita 530 kutoka pwani. Jina lenyewe ni la Kimaasai, la maji baridi, na mji haukuwapo. Palikuwa na tambarare ya mwisho kabla ya mlima, mahali pazuri pa kupanga mabehewa, kukarabati injini na kukusanya nguvu kabla ya kupanda kuelekea Limuru. Makao makuu ya reli yakahamishiwa hapo kutoka Mombasa mwaka huo huo. Maduka yakafuata wafanyakazi, ofisi za serikali zikafuata maduka. Hii ndiyo sababu stesheni ya kale ya Nairobi iko katikati ya mji: mji ndio uliokuja kukaa pembeni mwa stesheni. SGR imekuja baada ya zaidi ya karne moja na kukuta kila kiwanja kimekaliwa. Ikaishia Syokimau mwaka 2017, na ilipoendelezwa hadi Suswa mwaka 2019 ilipita juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi kwa daraja refu, ikauacha moyo wa mji upande mmoja.

Kwa hiyo ile ndogo unayoidharau kidogo, mwanangu, ndiyo pekee yenye haki ya kuingia mjini. Alipopita babu yake hakuna aliyekuwa amejenga.

Kutoka Nairobi reli iliendelea hadi Kisumu, ikafika ziwani Desemba 1901. Matawi yakaongezwa baadaye. La Thika lilifika 1913, kisha likasukumwa hadi Nanyuki. Ukiitazama ramani ya treni za abiria wa mjini leo, yaani Syokimau, Embakasi Village, Ruiru na Limuru, utaona karibu yote ni vipande vya reli hizo za kale. Hakuna hata moja iliyochorwa kwa kufikiria mtu wa Githurai anayetaka kuwa kazini saa mbili asubuhi. Zilichorwa kwa pamba ya Uganda, kahawa ya Thika, magadi, chai, na walowezi waliotaka mizigo yao ifike bandarini. Ndiyo maana stesheni nyingine ziko mbali na nyumba za watu, na nyumba nyingine zimejengwa karibu mno na reli.

Usidhani wembamba ule ni udhaifu. Mnamo 1955 na 1956 ziliingia nchini injini 34 za mvuke aina ya Garratt, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hazijapata kujengwa injini za mvuke za reli ya mita zenye nguvu kuzishinda. Moja yao, Mount Gelai, imo katika Makumbusho ya Reli, mwendo mfupi wa miguu kutoka stesheni ya Nairobi. Mpeleke kaka yako. Simameni karibu na magurudumu yake, mtazame jinsi dude lile lote linavyokaa juu ya upana wa mita moja.

Treni za kubeba watu asubuhi kwenda mjini na jioni kurudi nyumbani zilikuja baada ya mji kufurika. Kufikia miaka ya 1990 zilikuwa zimeshazoeleka. Zilikuwa mabehewa ya kawaida, mengi ya miaka mingi, yakivutwa na injini ya dizeli ya mizigo, abiria wakining'inia milangoni. Mimi zile nazikumbuka kwa jambo moja dogo. Treni ikishaingia stesheni ya Nairobi, injini ilikuwa imetangulia mbele, pua imeelekea ukingoni. Ili irudi Kahawa au Kikuyu ilibidi ifunguliwe, ipelekwe mbele, ivushwe kwenye njia ya kando, ipite mabehewa yote, irudi iungwe upande wa pili. Kijana wa kuunganisha mabehewa aliinama akaingia katikati ya vyuma, akafungua hewa ya breki, pssss, akainua kiungo, akatoka, akapunga mkono. Akaja kufanya vile vile upande wa pili. Kazi ile ilikula dakika nyingi, na stesheni yenye majukwaa machache ikiwa na treni nne zinazosubiri kuzungushiwa injini, hakuna ratiba itakayosimama.

Mwaka 1977 jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilivunjika na reli ya pamoja ikagawanywa. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli yetu ulikodishwa kwa kampuni binafsi, na mkataba huo ukamalizika 2017. Katikati ya hayo, Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli pale Kibera na kuikata njia ya Uganda. Silitaji hilo kumlaumu mtu. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi reli ilivyokuwa imepita kifuani mwa watu bila kuwafaa. Treni ilikatiza katikati ya vibanda, watu wakaruka pembeni, ikapita, wakarudi. Baadaye watu waliokuwa wakiishi ndani ya eneo la reli Kibera na Mukuru walijengewa nyumba na vibanda vya biashara kando kidogo, njia ikabaki wazi. Kwangu mimi kazi ile ilikuwa na maana kubwa kuliko kununua treni yoyote, na sikuona ikisifiwa inavyostahili.

Kisha likaja jambo lililobadili mambo. Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, mpya kabisa, yenye maegesho ya magari, kwa ajili ya abiria wa kila siku. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Nairobi kujengewa stesheni kwa fikra ya mtu anayekwenda kazini. (Wiki chache kabla ya hapo, Oktoba 2012, Dar es Salaam nayo ilizindua treni yake ya mjini, watu wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Nayo ilikuwa juu ya reli za kale za ukoloni na za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Majiji mawili yalikumbuka vyuma vyao karibu siku moja.) Zikafuata stesheni za Imara Daima na Makadara. SGR ilipoanza 2017, reli ya mita ikasogezwa hadi mlangoni pake, na hapo ndipo wewe unapohamia.

Sasa twende Uhispania.

Ndiyo, uliyoambiwa ni kweli. Treni hizo zilitoka kisiwa cha Mallorca, katika Bahari ya Kati. Zilikuwa 11, zilishushwa Mombasa mwaka 2020, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akazizindua Nairobi. Lakini kwa nini Mallorca, kisiwa kidogo ambacho Wakenya wengi hawakijui? Nenda ukaulize geji.

Mallorca walijenga reli yao ya kwanza mwaka 1875, kutoka mji wa Palma hadi Inca, kilomita 29. Walichagua futi tatu za Kiingereza, yaani milimita 914. Reli ikasambaa kisiwani, wakulima wakasafirisha mazao, kisha magari yakaja, na katika miaka ya 1960 na 1970 njia moja baada ya nyingine ikafungwa. Ikabaki hii ya Palma hadi Inca, inayobeba watu wa kazini. Shirika la serikali la reli nyembamba la Uhispania lilikuwa na mtandao mkubwa wa reli ya mita kaskazini mwa nchi, kwa hiyo likaamua kuitanua ya kisiwani ifanane na nyingine. Kufikia 1981 Palma hadi Inca ikawa reli ya mita. Milimita 86 tu ziliongezwa.

Fikiri juu ya milimita hizo 86. Ni upana wa kiganja. Watu wa Mallorca walizihitaji ili waweze kubadilishana treni na ndugu zao wa bara. Hakuna aliyekuwa akiwaza Nairobi. Lakini kama wangebaki na 914, treni unayopanda wewe Syokimau isingekuwa na pa kutua. Mpaka leo kisiwa hicho hicho kina reli nyingine, ya Sóller, iliyoanza 1912 na haikutanuliwa. Ukitaka kuleta behewa la Sóller hapa, utaliweka kwenye makumbusho, si kwenye reli.

Baadaye kisiwa kilipata shirika lake la reli, SFM, mwaka 1994, nalo likanunua treni za dizeli kutoka kiwanda cha CAF. Njia za Sa Pobla na Manacor zikafufuliwa. Kisha wakaanza kutandika nyaya za umeme, na kadiri umeme ulivyosambaa, za dizeli zikakosa kazi zikiwa bado nzima. Ni kama fundi cherehani aliyenunua mashine ya umeme: ile ya kukanyaga haijaharibika, lakini haina nafasi tena dukani. Wao walikuwa na treni nzuri za mita moja wasizozihitaji. Sisi tulikuwa na reli ya mita moja na treni chache mno.

Unauliza kwa nini tusinunue mpya. Duniani reli nyingi za abiria ni za milimita 1,435, na viwanda vikubwa vimejipanga kwa hizo. Treni ya mita hutengenezwa kwa oda, michoro yake inafanywa upya au inarekebishwa, na ukiagiza chache bei ya moja inapanda. Ukiongeza sharti kwamba iwe ya dizeli, kwa kuwa njia zetu hazina umeme, duka linakuwa dogo zaidi. Basi mnunuzi wa treni ya mita huishi kwa kuchungulia nani amemaliza kuzitumia. India ilikuwa hivyo kwetu 1896, Mallorca ikawa 2020.

Na treni zile zilileta kitu ambacho mabehewa ya kale hayakuwa nacho. Injini zimefichwa chini ya sakafu, na kila upande una chumba cha dereva. Ikifika Nairobi haizungushwi. Dereva anazima huku, anatembea hadi upande wa pili, anawasha, mnaondoka. Yule kijana wa kuingia katikati ya vyuma hahitajiki tena kwenye kila safari. Wasiwasi wangu mimi uko kwenye vipuri. Treni iliyokwisha kutumika miaka mingi hula vipuri kuliko mpya, na yenye ndugu wachache duniani huvipata kwa shida. Anayeisimamia lazima aagize mapema, kabla kitu hakijavunjika, na awe na karakana inayoweza kuchonga kile kisichopatikana. Ukiona treni imeondolewa kwenye ratiba, mara nyingi imekaa karakanani ikisubiri kipande ambacho ungekibeba kwenye mkoba wako.

Kuhusu mwendo, usiulaumu upana. Malaysia wanaendesha treni za abiria kwa kilomita 140 kwa saa juu ya reli ya mita, kama yetu. Tofauti iko kwenye njia yenyewe. Yao ilinyooshwa, ikawekwa njia mbili, ikatiwa umeme, na makutano na barabara yakaondolewa. Ya kwetu kwa sehemu kubwa ni njia moja, kwa hiyo treni ya kwenda husubiri ya kurudi ipite kwanza. Barabara zinaikatiza. Huko Githurai na Mutindwa wachuuzi hutandaza nyanya na viatu hadi kwenye mataruma, yale yanayobeba vyuma vya reli, treni inakuja ikipiga honi kwa mbali, watu wanakunja turubai, inapita, wanakunjua tena. Dereva mwenye akili hawezi kuongeza mwendo hapo, na mimi nisingemruhusu. Kupanda kwenda Limuru ni jambo jingine tena: Nairobi iko takriban mita 1,660 juu ya usawa wa bahari na Limuru imepita 2,200, na waliochora njia waliizungusha kwenye miteremko ili injini za mvuke ziweze. Kila kona waliyoikunja tunaipita mpaka leo kwa mwendo wa kona.

Limebaki swali ambalo hukuliuliza wazi, lakini naliona nyuma ya maneno yako: je, ile kubwa haitafika mjini kamwe? Kiufundi reli mbili za geji tofauti zinaweza kukaa kwenye mataruma yale yale, kwa kuongeza chuma cha tatu. Kati ya 1,000 na 1,435 nafasi inatosha. (Kati ya 1,000 na 1,067 ya TAZARA haitoshi, kwa sababu kitako cha chuma chenyewe ni kipana kuliko hizo milimita 67. Ndiyo maana kule Kidatu, Tanzania, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo ndio unaohamishwa.) Lakini chuma cha tatu si mwisho wa kazi. Mabehewa ya SGR ni mapana na marefu kwenda juu kuliko ya reli ya mita, kwa hiyo majukwaa, madaraja ya juu na kuta za kando zote zingelazimika kusogezwa, na tuta la njia liimarishwe kwa uzito mkubwa zaidi. Ukishahesabu hayo yote, utakuta fedha hizo zingetosha kutandika njia ya pili ya mita hadi Syokimau na kuongeza treni. Nikiulizwa mimi, hiyo ya pili ndiyo ningeichagua. Kuhama kwenyewe hakuchoshi ikiwa treni ya mjini inakusubiri mlangoni kila SGR inapoingia.

Kwenu Mombasa nako mambo ni hayo hayo kwa upande wa pili. SGR ya abiria inaishia Miritini, stesheni ya kale iko kisiwani, na mpango uliowekwa wa kuziunganisha ni wa reli ya mita. Kwa hiyo huenda ukapanda treni ya mita kisiwani, SGR Miritini, na ya mita tena Syokimau. Ukifika Syokimau, keti upande wa dirisha uisikilize sauti. SGR imeunganishwa kwa kuchomelewa, inateleza kimya. Kwenye vipande vya reli ya kale ambavyo bado vimefungwa kwa bolti, kila chuma kina mwanya mdogo ulioachwa ili kipanuke jua likiwaka, na gurudumu likiuvuka utasikia ta-ta, ta-ta, ta-ta.